Kikikwama, Nani Atakifungua?

Mwaka 1960, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Rockland, nje kidogo ya jiji la New York, aliishi panya mmoja wa gramu 220 aliyepandikizwa pampu ndogo chini ya ngozi. Pampu haikuwa na betri. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumdondoshea dawa kidogo kidogo, mchana na usiku, bila panya mwenyewe kujua wala kuulizwa. Picha yake ilitoka Septemba mwaka huo katika jarida la wahandisi wa safari za anga, ndani ya makala ya watu wawili waliokuwa wakifanya kazi hospitalini hapo: Manfred Clynes, mtaalamu wa elektroniki ambaye pia alikuwa mpiga piano hodari, na Nathan Kline, daktari wa magonjwa ya akili.

Hoja yao ilikuwa hivi. Tunahangaika kumjengea mwanadamu chombo kitakachombebea hewa, joto na maji ya Duniani ili akaishi angani. Kwa nini tusimbadilishe yeye? Tumtie vifaa vya kumrekebishia pumzi, damu na usingizi, vifanye kazi vyenyewe bila kuamriwa, akili yake ibaki huru kutazama, kuwaza na kuvumbua. Wasiwasi wao mkubwa ulikuwa kwamba mwanaanga anayeshinda akikagua mitambo ili asife atageuka mtumwa wa mitambo hiyo. Waliandika haya miezi saba kabla Yuri Gagarin hajaizunguka Dunia, na humo ndimo lilimotoka jina la saiborgi, ambalo watoto wetu wanalijua kutoka kwenye filamu.

Makala ile hunijia akilini kila ninaposikia habari mpya za anga, na kila ninaposikia kwamba mtu fulani amewekewa mashine kichwani. Siku hizi habari hizo mbili husimuliwa mbalimbali, moja kwenye ukurasa wa sayansi na nyingine kwenye ukurasa wa afya au wa matajiri. Kumbe zilizaliwa tumbo moja.

Ila ndoto haikwenda walivyoiota. Binadamu hakubadilishwa akaenda. Mashine zilikwenda, binadamu akabaki nyumbani akisubiri salamu. Tangu Desemba 1972 hakuna mtu aliyekanyaga Mwezini. Wanaanga wanaokaa kwenye kituo cha kimataifa wako kilomita 400 hivi juu yetu, umbali usiofika ule wa barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na hata hapo mifupa yao hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwezi wasipofanya mazoezi kwa bidii. Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi 2021, iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Haili, haivunjiki mifupa, na imeshaona galaksi ambazo mwanga wake ulianza safari wakati ulimwengu haujafikisha miaka milioni 300 tangu uanze. Leo una bilioni 13.8.

Katika hayo yote, kisa kinachonivuta zaidi ni cha Bennu. Hii ni sayari ndogo, mwamba wa upana wa nusu kilomita hivi unaolizunguka Jua. Chombo cha Marekani kiitwacho OSIRIS-REx kiligusa uso wake Oktoba 2020, kikachota vumbi na kokoto, na tarehe 24 Septemba 2023 kidonge chenye mzigo huo kikatua kwa mwavuli katika jangwa la Utah. Safari ya mabilioni ya kilomita ilikwenda salama. Kisha, maabarani, mkebe ukagoma kufunguka. Skrubu 2 kati ya 35 zilikataa kata kata, na kwa kuwa mkebe ulikuwa ndani ya sanduku la kioo lililojazwa naitrojeni ili vumbi lisichafuliwe na hewa yetu, haikuwezekana kuingiza bisibisi yoyote tu. Ikabidi mafundi wakae chini wabuni zana mpya za chuma cha aina inayotumika kwenye upasuaji, wazijaribu pembeni, ndipo Januari 2024 skrubu zikalegea. Walipopima wakapata gramu 121.6. Mkononi ni mzigo mdogo kuliko nusu ya pakiti ya robo kilo ya sukari.

Waliyoyakuta humo yalitangazwa Januari 2025: asidi amino 14 kati ya zile 20 ambazo viumbe hai hujengea protini, pamoja na herufi zote tano ambazo uhai hutumia kuandika maagizo yake kwenye DNA na RNA. Hakuna aliyesema Bennu ina uhai. Lakini malighafi zetu zimekutwa kwenye mwamba ambao haujawahi kuwa sehemu ya Dunia. Sisi wa Tanzania tuna kimondo cha Mbozi, huko Songwe, tani 16 za chuma kilichoshuka kutoka juu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na watalii hukipapasa kwa viganja ambavyo ndani yake inapita damu yenye chuma pia, nacho kilifuliwa na nyota. Kwa hiyo ninapowasikia wazee wangu wa dini wakisema kwamba kuingiza chuma mwilini ni kuichafua kazi ya Muumba, nawaheshimu, ila sioni mpaka huo wanauchora wapi. Wasiwasi nilio nao mimi uko kwingine.

Ndoa yenyewe ya mwili na mashine ilifungwa mapema kuliko makala ya panya, tena bila mbwembwe. Tarehe 8 Oktoba 1958, karibu na Stockholm, Sweden, Arne Larsson, mwanamume wa miaka 43 ambaye moyo wake ulikuwa ukisimama mara nyingi kwa siku, alifunguliwa kifua akawekewa kifaa cha kuuchochea moyo kwa umeme. Mke wake ndiye aliyewabana daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu jambo ambalo halijawahi kufanywa. Elmqvist alikusanya vipande vyake vya elektroniki, akavimiminia gundi ngumu ndani ya kopo la Kiwi, hilihili la dawa ya viatu, ili kipate umbo. Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache. Wakaweka kingine. Katika maisha yake Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20, akawazika wote wawili, daktari na mhandisi, na alipofariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86 moyo haukuwa sababu.

Huku kwetu kifaa hicho tunakiita betri ya moyo, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili inaziweka. Mzee mmoja wa mtaani kwetu anayo. Akivua shati kwa joto la Februari unaona kivimbe chini ya mtulinga wa kushoto, na kwenye pochi yake kuna kadi yenye jina la kiwanda, aina ya kifaa na namba. Nilimwamkia siku moja alipotoka kliniki, nikamuuliza betri inasemaje.

"Marahaba, mwanangu. Betri inasema imebakiza miaka minane," akanijibu, akaketi barazani. "Mimi yangu sijaambiwa."

Akanieleza kwamba kliniki wanaweka kitu kama rimoti juu ya kivimbe, mashine inakisoma, na kwamba mashine ya kiwanda kimoja haisomi betri ya kiwanda kingine. Jambo hilo alilisema kwa kupita, akarudi kwenye habari za mpira. Mimi ndilo nililobaki nalo.

Kuna kipindi, kuanzia 1970, ambapo baadhi ya betri za moyo ziliendeshwa kwa plutoni-238, metali inayotoa joto kwa miaka mingi bila kuchajiwa. Ya kwanza iliwekwa Paris. Plutoni hiyohiyo ndiyo inayoendesha Voyager 1, chombo kilichorushwa Septemba 1977 kwenda kuitazama Jupita na Zohali, kikazipita, kikaendelea, na mwaka 2012 kikatoka nje ya eneo ambalo upepo wa Jua unatawala. Hakuna kitu kilichotengenezwa na mikono ya binadamu kilicho mbali zaidi.

Novemba 2023 Voyager 1 ilianza kuweweseka. Badala ya taarifa, ikawa inatuma mpangilio uleule wa moja na sifuri usio na maana. Ilikuwa umbali wa kilomita bilioni 24. Kila agizo kutoka California lilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu muda kama huo kurudi. Ukiuliza leo asubuhi, unajibiwa keshokutwa. Chombo kimezeeka, kompyuta zake zina kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu, na mafundi ilibidi warudi kwenye nyaraka za miongo kadhaa nyuma, zilizoandikwa na watu ambao hawakufikiria kwamba swali kama hilo lingeulizwa siku moja. Machi 2024 wakagundua kwamba chipu moja ilikuwa imekufa na kuharibu asilimia 3 hivi ya kumbukumbu ya kompyuta mojawapo. Kuitengeneza chipu hakukuwezekana. Basi wakauchukua ule msimbo uliokuwa humo, wakaukata vipande, wakatafuta vinafasi vilivyo wazi sehemu nyingine za kumbukumbu, kipande hiki hapa na kile pale, wakarekebisha kila mahali palipokuwa panaelekeza kwenye makazi ya zamani. Wakatuma tarehe 18 Aprili. Tarehe 20 chombo kikajibu vizuri.

Ed Stone, mwanasayansi aliyeongoza mradi huo tangu 1972 hadi 2022, alifariki Juni 2024, majuma machache baada ya hapo. Nusu karne mtu mmoja alikuwa mlezi wa mashine isiyoweza kumshukuru.

   

Sasa weka kisa hicho upande mmoja, kisha nikueleze kingine. Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilitengeneza kifaa kiitwacho Argus II kwa ajili ya watu waliopofushwa na ugonjwa fulani wa kurithi unaoua retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Mgonjwa alivaa miwani yenye kamera. Picha ilipita kwenye kompyuta ndogo ya kiunoni, ikafika kwenye elektrodi 60 zilizobandikwa ndani ya jicho. Hakuona kama mimi na wewe tuonavyo. Aliona vimulimuli, ukingo wa mlango, umbo la mtu anayekuja. Kwa aliyekaa gizani miaka mingi, ukingo wa mlango si jambo dogo. Marekani iliruhusu kifaa hicho mwaka 2013 na bei yake ilikuwa takriban dola 150,000, upasuaji mbali.

Mwaka 2020 kampuni ilikaribia kufilisika ikawapunguza wafanyakazi wake wengi. Watu zaidi ya 350 duniani walikuwa wamepandikizwa. Spea hakuna, fundi hakuna, simu haijibiwi. Kompyuta ya kiunoni ikiharibika, jicho limezimika. Kukitoa kilichomo kunahitaji upasuaji mwingine, na kukiacha kuna shida zake, kwa mfano unapohitaji kupigwa picha kwa mashine ya MRI. Hata kabla ya hapo, mwanamke mmoja alikuwa akibadili treni chini ya ardhi jijini New York kifaa chake kilipolia mara chache kisha kikanyamaza, na hakikuwaka tena.

Nimejaribu kulitazama jambo hili bila hasira. Kampuni zinafilisika, ndiyo biashara. Waliobuni Argus II hawakuwa walaghai. Walifanya kazi ambayo wengi waliisema haiwezekani. Hata hivyo, linganisha. Chombo kilicho kilomita bilioni 24 kutoka hapa, kisicho na macho ya kulia wala familia ya kulalamika, kilipatiwa mafundi wa kukihangaikia miezi mitano usiku na mchana, karibu miaka 50 baada ya kurushwa. Jicho lililo kichwani mwa mtu anayeishi mtaa wa pili kutoka hospitali lilikosa wa kulitazama ndani ya muda usiofika miaka kumi. Umbali haukuwa tatizo, wala ugumu wa kazi. Voyager ni amana ya taifa zima, na kuna watu walioajiriwa kuitunza kizazi baada ya kizazi. Argus ilikuwa bidhaa.

Hata takataka za angani zina sheria ya kuzisemea. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi na kipenyo cha karibu mita 2.5 iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Watu wa Shirika la Anga la Kenya walifika, wakaichukua, wakaeleza kwamba ni kipande cha roketi. Namshukuru Mungu haikumwangukia mtu. Upo mkataba wa kimataifa tangu 1972 unaosema kwamba nchi iliyorusha kitu angani inawajibika kwa madhara kitakayoleta juu ya ardhi, na aliyeumia halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Mkulima wa Mukuku, angalau kwenye karatasi, ana wa kumdai. Mwenye jicho lililozimika hakuwa na mkataba wa namna hiyo wa kushika mkononi.

Ndiyo maana maneno mengi yanayosemwa kuhusu binadamu na mashine yananipita. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ya Elon Musk ilimpandikiza mtu wake wa kwanza, Noland Arbaugh, kijana aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini baada ya ajali ya kuogelea. Kifaa cha ukubwa wa sarafu, nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele, elektrodi 1,024. Machi tulimwona akicheza sataranji kwenye kompyuta kwa kufikiri tu. Vijiweni kukawa na mjadala mkali: je, huyu bado ni mtu? Roho yake iko wapi? Tajiri ataweza kununua akili? Mimi nilivutiwa na taarifa ndogo ya Mei, kwamba nyuzi kadhaa zilikuwa zimerudi nyuma kutoka kwenye ubongo na kifaa kikapoteza nguvu, mpaka wahandisi wakabadilisha programu na kukirudisha. Wakati huo kampuni ilikuwa hai, ina fedha, na ilikuwa na mgonjwa mmoja tu aliyetazamwa na dunia nzima. Je, mgonjwa wa elfu kumi, mwaka wa kumi na tano? Utu wa Arbaugh sina shaka nao. Mtu hakomi kuwa mtu kwa kutiwa waya, la sivyo mzee wetu wa barazani angekuwa kitu gani? Nina shaka na waliobaki nje ya fuvu, wenye ufunguo.

Chile ilibadili katiba yake mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zinazotokana nazo. Ni hatua nzuri na ningependa tuisome. Lakini inahusu zaidi mtu kuchunguliwa. Kutelekezwa ni jambo jingine.

Upo mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan unaokusanya betri za moyo za watu waliofariki Marekani, kwa ridhaa ya familia zao. Zinazobaki na umri wa kutosha husafishwa, husafishwa tena, hupimwa, kisha hupewa wagonjwa wa nchi ambako betri mpya haishikiki bei, Kenya ikiwamo. Matokeo ya majaribio yao yaliyotolewa mwishoni mwa 2024 yalionyesha kwamba hazikufanya vibaya kuliko mpya. Mtumba, naam. Wapo wanaoudhika kusikia hivyo, kwamba Mwafrika apewe moyo uliovaliwa. Mimi nimeugeuza nikaona kitu kingine: betri inaweza kuhama kutoka kifua cha mtu wa Detroit kwenda kifua cha mtu wa Nairobi kwa sababu kuna mtu anayejua kuisoma, kuifuta kumbukumbu na kuipangia upya mapigo. Bila ujuzi huo ni chuma cha kuzikwa.

Na ujuzi huo si mgeni kwetu. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT ambacho tangu miaka ya 1980 kinafundisha mafundi wa miguu na mikono bandia, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Mtoto aliyekatwa mguu hapewi mguu mara moja tu. Anakua, soketi inambana, anarudi, anapimwa upya, anachongewa mwingine, kila baada ya muda, mpaka awe mtu mzima, na hata hapo anarudi kwa sababu kifundo kimelegea. Fundi anamjua kwa jina. Mguu wenyewe umeundwa kwa vitu ambavyo fundi wa Moshi anaweza kuvifungua, kuvipasha moto na kuvirekebisha. Sioni kwa nini mashine za ndani ya mwili zidai heshima tofauti.

Ningependa fomu ile ya hospitali, ile ambayo mgonjwa huisaini akiwa ameshavaa gauni la kijani, iwe na mistari mitatu zaidi. Kampuni ikifa, michoro na programu za kifaa vitakabidhiwa kwa nani? Spea zimehifadhiwa wapi, za miaka mingapi? Nani atalipia kukitoa kikikwama? Kampuni inayotaka kuuza kifaa nchini kwetu iyajibu maswali hayo kwa serikali kabla hayajamfikia mgonjwa, na iweke fedha kando kwa kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Watengenezaji watasema jambo hilo litapandisha bei. Litapandisha, sikatai. Kwa sasa gharama hiyo inalipwa na mgonjwa, siku kampuni inapofunga mlango, na hakuna aliyemtajia bei yake mapema.